Lebo Zilizobanduka

Castory aliingia katika chumba cha Yasmini saa mbili na nusu asubuhi, siku ya Jumatano, akafunga mlango bila kusalimia. Hakuwa mtu wa kukosa salamu. Alikuwa karani wa masjala katika shirika dogo la Bangwe, mjini Kigoma, linalowapokea wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao. Kwa miaka minne waliyofanya kazi pamoja, Yasmini, fundi wa kompyuta wa shirika hilo, hakuwahi kumwona akiketi kabla hajakaribishwa.

"Dada Yasmini, nimetoka kwa Mama Jovita," alisema. "Amesema unifungie mafaili ya nyumba za siri. Yote."

"Kwani umekosa nini?"

"Sijakosa. Naogopa nisije nikakosa."

Akaeleza. Jana yake lilikuwa limekuja faili jipya, la mwanamke wa Kidahwe aitwaye Leonia, aliyevunjwa taya kwa mpini wa jembe akatoroka na bintiye wa miaka mitano. Castory alilisajili kama anavyosajili mengine, na alipofika penye jina la mume, kalamu ikamkwama mkononi. Gasper. Mtoto wa mama yake mdogo. Wamekua pamoja, wamekula sahani moja.

"Sikuendelea kusoma. Sijui yule mama amefichwa wapi na sitaki kujua," alisema Castory. "Tangu juzi mama mdogo ananipigia analia, eti nimsaidie mwanawe mke arudi nyumbani. Gasper naye anapiga. Wanajua nafanya kazi hapa. Nikijua alipo, dada, watanikamua mpaka niseme. Mimi si mtu mgumu. Na Gasper, mwaka juzi alimkimbiza jirani kwa panga kwa sababu ya mbuzi."

Yasmini alimwangalia kwa heshima mpya. Watu wangapi huomba wafungiwe mlango?

"Rudi mezani kwako, kaka Castory," akamwambia. "Dakika kumi tu, jina lako halitakuwepo."

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mafaili yote ya shirika yalikaa kwenye seva moja, boksi jeusi lililounguruma chini ya meza yake. Yale ya nyumba za siri yalikuwa mia tatu na kumi na mbili, na kila moja lilibeba lebo yake isiyoonekana: orodha ya wanaoruhusiwa kulifungua. Mwaka uliopita Yasmini aliandika programu fupi ya kubadilisha lebo hizo kwa mkupuo, na alijivunia sana. Programu ilibandua lebo ya zamani, ikabandika mpya, ikahamia faili linalofuata.

Saa mbili na dakika arobaini aliiamuru ifanye kazi. Mistari ikaanza kukimbia kwenye kioo. Kabla haijafika mwisho, Recho wa mapokezi akamwita: mashine ya kuchapa imekwama karatasi, na kuna wageni wanasubiri fomu. Yasmini akalishusha dirisha la programu, akaenda. Baada ya mashine ya kuchapa ikaja simu ya mhasibu, na baada ya simu ikaja chai.

Saa tatu na dakika hamsini Castory alirudi. Safari hii hakukaa. Jasho lilikuwa limemlowesha kola.

"Ulisema umefunga," alisema kwa sauti ya chini.

"Nimefunga."

"Dada, nimelifungua. Nilitaka kuhakikisha tu. Nikabonyeza nikitegemea litanikatalia, likafunguka mbele yangu." Akameza mate. "Yupo Simbo. Kwa Mwanvua. Mpaka namba ya simu nimeiona. Kwa nini umenionyesha?"

Yasmini alirudisha lile dirisha alilolishusha, akapandisha mistari hadi juu. Faili la kwanza: hakuna nafasi kwenye diski. La pili: hakuna nafasi kwenye diski. La tatu, la kumi, la mia. Aliendelea kushuka, na mstari ulikuwa uleule mpaka chini kabisa.

Akaelewa. Kubandua lebo hakuhitaji nafasi. Kubandika mpya kunahitaji kidogo mno, kama tone, ila diski ilikuwa imejaa hadi pomoni na hata hilo tone halikuwepo. Kwa hiyo programu yake ilibandua lebo mia tatu na kumi na mbili, moja baada ya nyingine, na haikubandika hata moja. Na faili lisilo na lebo, kwa kanuni aliyoiweka yeye mwenyewe siku ya kwanza ili kuwarahisishia watu kazi, lilihesabiwa kuwa la wote. Kompyuta kumi na moja za ofisi, pamoja na ile ya mapokezi inayoonekana na kila anayeegemea kaunta, kwa saa nzima na zaidi zilikuwa na uwezo wa kusoma kila mahali wanawake walipofichwa.

Haikuwa bahati mbaya ya ghafla. Siku tisa mfululizo seva ilimwandikia kila asubuhi kwamba inakaribia kujaa. Picha za kamera ya getini zilikuwa zinailia nafasi. Alisema ataondoa za zamani Ijumaa, na Ijumaa ikapita.

"Nani mwingine amefungua?" Castory aliuliza.

"Ngoja nione."

Seva ilikuwa na kumbukumbu yake, kitabu inachojiandikia yenyewe nani amefungua faili gani na saa ngapi. Yasmini alikifungua. Mstari wa mwisho ulikuwa wa saa mbili na dakika arobaini na moja. Baada ya hapo, weupe. Hata kumbukumbu ilikosa pa kuandika.

Kitu cha kwanza kilichomjia, na baadaye aliona aibu kukikiri, kilikuwa ni kuiendesha programu tena. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Kisha akakumbuka kwamba folda la kesi za watoto, ambalo programu hulifikia inapoendeshwa mara ya pili, bado lilikuwa na lebo zake. Angelivua nalo. Akauondoa mkono kana kwamba kibodi ina moto. Akainama chini ya meza, akaing'oa kebo ya mtandao kutoka kwenye seva. Ofisi nzima ikakatika mtandao. Kutoka chumba cha pili mtu akaguna.

Bado alikuwa amepiga magoti pale chini alipowaza jambo la pili. Funika kombe mwanaharamu apite. Angesafisha diski, arudishe lebo, amwambie Castory anyamaze, na nani angejua? Kumbukumbu yenyewe ilikuwa tupu. Alitazama viatu vya Castory, vyeusi, vimepigwa rangi vizuri, visigino vimeliwa upande mmoja. Mwenye viatu vile alijua tayari, na alikuwa amekuja kusema.

"Twende kwa Mama Jovita," alisema akisimama.

Mama Jovita, mkurugenzi wa shirika, alikuwa Mhaya aliyehamishiwa Kigoma akiwa ofisa ustawi wa jamii na kustaafia hukohuko. Aliwasikiliza amesimama, miwani mkononi. Yasmini alisema yote kwa pumzi moja: diski, lebo, kumbukumbu, zile siku tisa. Hakulia. Aliona akilia atapoteza dakika.

"Gasper amekupigia leo?" Mama Jovita alimgeukia Castory.

Castory akatoa simu mfukoni, akaiweka juu ya meza. "Saa tatu na dakika arobaini na nne. Dakika moja tu. Alisema saa nne atapita hapa tuonane uso kwa uso. Mama, kaa na hiyo simu. Na mimi unifungie mahali. Akinitazama machoni atajua kwamba najua."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika tatu.

Mama Jovita alipiga namba ya Mwanvua, mjane wa kijiji cha Simbo aliyekuwa akimhifadhi Leonia. Simu iliita hadi ikakata. Akapiga tena, ikawa hivyohivyo. Mwanvua alikuwa mkulima; asubuhi kama ile huenda alikuwa shambani na simu imebaki ndani.

"Naenda mwenyewe," alisema Mama Jovita, akichukua funguo za gari. "Nitawapigia polisi njiani. Yasmini, ingia na Castory chumbani kwako, jifungieni. Tengeneza ulichoharibu. Asifungue mtu mpaka nipige simu. Na Castory, ninapompeleka yule mama hutaambiwa. Wala wewe, Yasmini."

Gari lake lilitoka kwa geti la nyuma. Yasmini alizungusha ufunguo mara mbili, akaweka kiti nyuma ya mlango ingawa alijua kiti hakizuii kitu. Castory akakaa sakafuni, mgongo ukutani, mbali na dirisha.

Hazikupita dakika tano, pikipiki ikaingia uani.

Ukuta kati ya chumba kile na mapokezi ulikuwa wa mbao nyembamba. Walisikia buti kwenye vigae, kisha sauti ya mwanamume, tulivu, ya kistaarabu kabisa.

"Habari za kazi, dada. Namuulizia ndugu yangu Castory."

"Nzuri. Karibu," Recho alijibu. "Nilimwona asubuhi. Ngoja nimwangalie masjala."

Hakuna aliyekuwa amemwonya Recho. Yasmini alifumba macho. Katika haraka yao walikuwa wamemsahau msichana wa watu na kompyuta yake pale mbele. Viatu vya Recho vikaondoka kuelekea masjala, na mapokezi pakawa kimya. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kelele. Mtu yule alikuwa anafanya nini peke yake pale kaunta? Alikuwa amekaa kwenye benchi? Alikuwa ameinama juu ya kaunta, anasoma? Ule mtandao ulikuwa umekatwa, lakini faili lililokwisha kufunguliwa hubaki kwenye kioo, kebo iwepo isiwepo.

Castory alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Kutoka nyuma ya viganja ilitoka sauti ndogo ya Kiha, "Mawe we," kama mtoto anavyomwita mama yake.

Yasmini alijilazimisha kuitazama kazi. Nafasi kwanza. Alitafuta picha za kamera za miezi mitatu iliyopita, akazifuta kwa mafungu, akiangalia namba ya nafasi iliyobaki ikipanda kutoka sifuri. Vidole vilikosea herufi, akarudia. Alikuwa na nakala ya lebo zote kwenye diski ya akiba, ya Jumapili. Faili la Leonia lilikuja Jumanne, kwa hiyo halikuwemo. Lebo yake ilibidi aiandike kwa mkono, na akaanza na hiyo. Safari hii hakubandua kitu. Aliandika mpya kwanza pembeni, akahakikisha imeshika, ndipo akaiweka. Kisha akajifanya ni Recho, akajaribu kulifungua.

Umekataliwa.

Akajifanya ni Castory. Umekataliwa.

Nje, Recho alirudi. "Hayupo masjala, kaka. Labda ametoka kidogo."

"Ametoka," yule mwanamume alirudia. Kisha hatua zake zikasogea kwenye korido, taratibu, zikasimama nje ya mlango wao. Kitasa kilishuka. Mlango ukagoma. Kitasa kikapanda, kikashuka tena.

Yasmini aliushika mkasi uliokuwa mezani, mkasi wa kukatia karatasi, butu, akausogeza kifuani. Harufu ya petroli na sigara ilipenya chini ya mlango.

"Castory," sauti ilisema, karibu kabisa na mbao. "Ndugu yangu. Mama anakusalimu."

Recho alisikika akisema kule ndani haruhusiwi mgeni. Hatua zikarudi. Kisha uani pikipiki ikawaka, na Yasmini akachungulia kupitia upenyo wa pazia. Gasper alikuwa mwembamba, amevaa shati jeupe, na nyuma ya kiti alikuwa amefunga kitu kirefu ndani ya mfuko wa sandarusi. Alipotoka getini hakushuka kuelekea mjini. Aliondoka kasi kufuata njia ya Ujiji, anayopita mtu aendaye Simbo.

"Ameenda wapi?" Castory alinong'ona.

"Sijui."

"Umeona ameenda wapi, dada."

Yasmini alipiga simu ya Mama Jovita. Haipatikani. Akapiga ya Mwanvua. Ikaita, ikaita. Akapiga polisi, akasema jina, rangi ya pikipiki, njia aliyoshika. Askari akamwambia wamekwisha pigiwa na mama mmoja na gari limetoka. Hapakuwa na kingine cha kufanya, na hilo ndilo lililomuumiza kupita yote. Aliendelea kurudisha lebo, faili moja baada ya jingine, kila jina la mwanamke likipita mbele ya macho yake, na kila jina alilisoma kama dua. Alikuwa amefika la mia na themanini Mama Jovita alipopiga simu.

Alikuwa amefika Simbo, akamkuta Leonia jikoni anachambua maharage, mtoto anacheza mlangoni. Aliwapakia garini vilevile walivyo, mtoto miguu mitupu. Mwanvua aliyerudi mbio kutoka shambani alikataa kuondoka. Alisema hajamkosea mtu na hawezi kukimbia nyumba aliyoachiwa na mume wake. Dakika zisizofika ishirini baadaye, Gasper akaegesha pikipiki uani kwa Mwanvua. Hakuuliza njia kwa mtu yeyote kijijini. Alikwenda moja kwa moja kwenye ule mlango.

Polisi walimkamata ndani. Mwanvua alikuwa ameinua mkono kujikinga, na panga lilimpata chini ya kiwiko. Alishonwa nyuzi kumi na nne. Vidole viwili vya mkono ule havikukunjika tena.

Yasmini alikwenda kumwona hospitali kesho yake. "Shikamoo, mama," alimwambia, akasimama miguuni mwa kitanda. Alieleza kosa lake kwa maneno mepesi, bila kujificha nyuma ya mashine. Mwanvua alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ni kama mtu kung'oa kitasa kibovu kabla hajanunua kipya," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na usiku watu wamelala ndani."

"Ndiyo."

Mwanvua aligeuza uso dirishani. Hakusema amesamehe, na Yasmini hakumwomba.

Hawakumfukuza kazi. Mama Jovita alimwandikia onyo, akamwagiza ahamishe picha za kamera kwenye diski ya peke yake, na kanuni igeuzwe: faili lisilo na lebo lisiwe la mtu yeyote. Wanawake waliokuwa katika nyumba zile nyingine walihamishwa wote ndani ya wiki moja, kwa hofu tu, kwa sababu hapakuwa na njia ya kujua.

Na hilo la kutojua lilibaki ofisini kama moshi. Gasper alikataa katakata kuwaambia polisi alijuaje. Recho aliapa kwamba hakufungua faili la Simbo. Lakini mtandao ulipokatika alikuwa ameizima kompyuta na kuiwasha, na alipojaribu kukumbuka hakuwa na hakika kama ni kabla au baada ya yule mgeni kuingia, na kila alipoulizwa alilia. Castory aliapa kwamba ile simu ya dakika moja ilikuja kabla hajalifungua faili. Watu walimsikiliza, wakaitikia kwa vichwa, wakaacha kunywa naye chai.

Mwezi ulipoisha alimfuata Yasmini chumbani. Alisalimia, akasubiri akaribishwe.

"Nataka barua," alisema. "Wewe ndiye mwenye seva. Andika kwamba si mimi."

Yasmini alikuwa amekifungua kile kitabu cha kumbukumbu mara nyingi kuliko alivyoweza kuhesabu, akiomba pale pawe na mstari hata mmoja. Aliandika barua Castory akiwa ameketi mbele yake. Aliandika kwamba Castory aliomba mwenyewe afungiwe, kwamba alikuja mwenyewe kutoa taarifa, kwamba simu yake aliisalimisha bila kudaiwa. Aliandika kwamba kosa lilikuwa lake yeye Yasmini. Na mwisho aliandika kwamba kuanzia saa mbili na dakika arobaini na moja hadi saa tatu na dakika hamsini na tano seva haikuandika chochote, hivyo haiwezi kumshuhudia mtu yeyote, kwa jema wala kwa baya.

Castory aliisoma mara mbili.

"Hii hainisafishi."

"Haikusafishi, kaka. Mimi nakuamini. Ila seva haijui, na nikiandika kwamba inajua nitakuwa nimedanganya."

Aliikunja, akaiingiza mfuko wa shati. Alikwisha pata kazi ya ukarani Kasulu, alisema, angeondoka Jumamosi. Alipofika mlangoni akageuka.

"Unajua mama mdogo amenifungia mlango? Nilikwenda Kidahwe Jumapili. Ukoo mzima unasema mimi ndiye niliyemuuza Gasper kwa polisi." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na sauti. "Huku nimemuuza Leonia, kule nimemuuza Gasper. Na mimi asubuhi ile nilikuja kwako niombe nisijue kitu."

Akatoka. Yasmini alisikia akimuaga Recho kwa adabu, na Recho akichelewa kumjibu.